Ute ukeni nikiwa kwenye vidonge vya majira: ninavyotofautisha kazi ya dawa na ugonjwa

Vidonge ninavyomeza ni vya homoni mbili, estrojeni na projestini. Pakiti ina vidonge 28: 21 vyenye homoni, na 7 vya rangi tofauti visivyo nayo. Kabla ya kuvianza, katikati ya mzunguko nilikuwa naona ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai bichi. Ule ni ute wa siku ambazo yai linakaribia kupevuka. Vidonge vinazuia yai lisipevuke, kwa hiyo ute huo hauji tena, na projestini inaufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu zisipenye. Ninachoona sasa kwenye chupi ni uteute mzito kidogo, mweupe kama maziwa, ambao ukikauka unaacha alama ya njano hafifu. Hauna harufu kali, hauwashi. Hiyo ni dawa ikifanya kazi yake.

Wengine ute huwapungua mpaka tendo la ndoa likawa linauma. Hapo kinachosaidia ni kilainishi cha maji. Cha mafuta kinaharibu kondomu za mpira. Wengine unaongezeka, kwa sababu estrojeni inaweza kufanya chembe laini za ndani ya mlango wa kizazi zijitokeze nje, na hizo hutoa ute mwingi na kuvuja damu kidogo zikiguswa. Lakini damu baada ya tendo usiitafsiri mwenyewe. Klamidia, ugonjwa wa zinaa, nayo inaweza kuleta damu kama hiyo, na vidonge havikingi magonjwa ya zinaa.

Kilichonisaidia kuliko chochote ni daftari dogo ninaloliweka pamoja na pakiti. Kila usiku ninaandika namba ya kidonge, saa niliyomeza, rangi na uzito wa ute, kisha neno moja: "sawa", "harufu" au "muwasho". Mstari mmoja unatosha. Mfano: "Kidonge 12, saa 5 usiku (kawaida saa 3), sawa. Kidonge 13, matone ya kahawia."

Mistari kama hiyo ndiyo inayofichua chanzo. Ute wa kahawia ni damu ya zamani iliyochelewa kutoka. Miezi 3 ya mwanzo huwapata wengi, kwa kuwa ukuta wa ndani wa mji wa mimba unakuwa mwembamba na haujatulia. Baada ya hapo, kitu cha kwanza ninachotazama ni saa za kumeza. Kosa kubwa ni kuacha vidonge katikati ya pakiti kwa sababu ya matone: damu inazidi, na kinga inapotea. Mimi naendelea kumeza hata siku ya matone.

Nikisahau kidonge 1, ninakimeza mara tu ninapokumbuka, hata kama ni viwili siku moja. Vikipita 2 au zaidi mfululizo, ninameza cha mwisho nilichosahau, naendelea na pakiti, na natumia kondomu siku 7. Ikiwa ni wiki ya 3, namaliza vyenye homoni, naruka vile 7, naanza pakiti mpya. Ikiwa ni wiki ya 1 na tendo limeshafanyika, naulizia kinga ya dharura siku hiyo hiyo. Nikitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, nameza kingine. Kichefuchefu chenyewe kilipungua nilipohamisha saa ya kumeza hadi baada ya chakula cha usiku. Wanaotumia vidonge vya homoni moja, hasa wanaonyonyesha, wawe makini zaidi na saa: kwa aina nyingi, kuchelewa zaidi ya saa 3 kunahesabika kama kusahau.

Sasa yale yasiyo ya vidonge. Ute mzito wa mabonge kama maziwa yaliyoganda, pamoja na muwasho, ni dalili ya fangasi. Ute mwembamba wa kijivu wenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo, unaelekea kwenye bakteria waliozidi. Dawa ya fangasi hapo haifanyi kitu, kinachotumika mara nyingi ni metronidazo. Wa njano au kijani wenye povu huenda ni trikomona, ugonjwa wa zinaa, na mwenzi naye lazima atibiwe. Kwa hiyo pima kwanza. Ukipewa klotrimazo, dawa ya fangasi ya kuweka ukeni, kumbuka inaweza kudhoofisha kondomu. Na usijisafishe ndani kwa sabuni wala kwa kuingiza vidole: uke una asidi yake inayolindwa na bakteria wema, ukiiosha unawapa nafasi wabaya.

Kuna mambo ambayo hayasubiri daftari: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma vikali kwa ghafla, au macho kuona maluweluwe. Acha vidonge, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na utaje kuwa unavitumia.

Kwa mengine, ninakwenda kliniki na daftari. Pia nataja kila dawa ninayotumia, kwa sababu rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge, na dalili ya kwanza inaweza kuwa matone yale yale ya kahawia.