Kimempata mtu?

Ni maneno yangu mwenyewe, na tangu Jumanne yananiamsha usiku.

Ilikuwa saa nne kasoro asubuhi. Nilikuwa kwenye kontena letu la ofisi, pale saiti ya ujenzi ninakosimamia usalama, meza imejaa vibali vya kazi za juu na vyeti vya kupima afya, kwa sababu wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, walishatupa taarifa kwamba wanakuja Alhamisi. Yule kijana wa Handeni akasimama mlangoni. Ni yule saidia fundi aliyekuja siku ya kwanza na ndala nikamrudisha getini. Hakuingia. Alikuwa ameshika kipande cha nondo kwa mikono miwili, kama mtoto aliyeokota hela ya mtu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Dada, hiki kimedondoka toka juu. Ghorofa ya nne, upande wa jenereta."

"Kimempata mtu?"

"Hapana, dada."

"Basi sawa. Kiweke hapo."

Akakiweka. Akasema, "Ahsante dada," akaenda zake.

Ahsante ya nini? Sijampa kitu. Nadhani alishukuru kwa sababu sikumfokea, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwa miezi saba, kila asubuhi kabla ya kazi, nimesimama mbele ya watu 60 nikiwaambia: semeni. Hata kama hakuna aliyeumia, njooni mniambie. Hakuja hata mmoja. Nikajisemea watu wa saiti ni wagumu, wanaogopa nyapara, wanaona kulalamika ni uoga. Kumbe alipokuja wa kwanza, mimi ndiye niliyemwambia, kwa maneno mengine, kwamba bila damu hakuna habari.

Kimempata mtu? Nimelirudia swali hilo kwenye daladala, nimelirudia nikichambua mchele. Ningeweza kuuliza, "Wewe ulikuwa wapi?" Ningeweza kusema, "Twende ukanionyeshe." Hata kuinua tu uso ningeweza, maana nadhani "basi sawa" niliisema nikiwa naangalia karatasi.

Jumatano jioni nilikitia kile kipande kwenye mkoba nikakipeleka kwa Mangi wa duka anipimie. Nondo ya milimita 16, urefu kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Mizani ikasema gramu 800 kasoro kidogo. Kutoka ghorofa ya nne yetu hadi chini ni kama mita 12, na kitu kikiachiwa kutoka hapo kinafika kwa sekunde moja na nusu tu, kwa mwendo wa kama kilomita 55 kwa saa. Kofia zetu ngumu hazikutengenezwa kwa pigo la namna hiyo. Na mama ntilie wetu hana hata hiyo kofia. Saa saba kila siku anapita palepale upande wa jenereta, beseni la wali kichwani, kwa sababu ndiyo njia fupi.

Nilipolifungua daftari la ajali nikaona jambo ambalo sikuwa nimelitazama vizuri. Safu zake ni jina la majeruhi, sehemu ya mwili iliyoumia, siku alizopumzishwa. Mtu akivunjika kidole, kuna mahali pa kumwandika, na kuna fomu za WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, za kumfuatia fidia. Nondo iliyokosa kichwa haina mahali. Chuoni tulifundishwa piramidi ya Heinrich, Mmarekani aliyeandika mwaka 1931 kwamba nyuma ya kila ajali 1 kubwa kuna ndogo 29, na 300 zisizomjeruhi mtu. Wataalamu wengi wa sasa wanazipinga namba zake, na mimi sizitetei. Lakini zile zisizomjeruhi mtu zipo, na zinatupa nafasi ya kurekebisha kabla ya kilio. Nilipewa moja, mkononi, na salamu juu.

Alhamisi wakaguzi wakaja wakaondoka, Ijumaa tukamwaga zege hadi saa tano usiku, Jumamosi tukapokea posa ya mdogo wangu, na katika yote hayo kimawazo nilikuwa bado mlangoni kwa kontena na yule kijana.

Leo asubuhi kwenye kikao nilikiinua kile kipande watu wote wakione. Nikasema kilidondoka Jumanne, nililetewa, nikajibu vibaya, na aliyeniletea namwomba radhi mbele yenu. Sikumtaja. Kimya. Nilisikia pikipiki ya nje. Kisha Mzee wa Nondo, yule fundi niliyewasimulia habari zake wakati wa mvua, akatoa kofia yake. "Hicho nimekikata mimi," akasema. "Nilikiacha ukingoni. Na ule ubao wa ukingo tuliutoa Jumatatu kupitisha bomba, hatukuurudisha." Hakuna aliyemtuma kusema. Mzee wa miaka sitini na kitu, mbele ya vijana anaowafundisha kazi! Nikamwambia, "Ahsante, mzee wangu," na sauti ikanikwama.

Kabla ya saa tatu ubao ulikuwa umerudi, wavu umefungwa, na njia ya jenereta imezibwa kwa utepe. Mama ntilie amelalamika kwamba sasa anazunguka. Nimembebea beseni mara moja, kesho nitatafuta namna.

Lakini furaha yangu ya leo ni hii. Saa nane nilikuwa nateremka, kijana wa Handeni akaniita kutoka chini.

"Dada. Ile ngazi ya nyuma, waya wa kufungia umelegea."

Moyo ulinidunda kama nimeitwa kupokea zawadi. Nikamwambia, "Nionyeshe." Tukaenda wote. Njiani nikamuuliza lile swali la Jumanne, alikuwa amesimama wapi. Akapima kwa macho, akapiga hatua mbili, akasimama. "Hapa. Kikaangukia hapo ulipo."

Kwenye daftari nimechora safu mpya kwa rula. Sijaipa jina bado. Nimeandika nondo, na ngazi.

Nilitaka kumsimulia mama yote haya, lakini hapokei simu tangu jana jioni. Jirani yake wa Korogwe anasema geti limefungwa kwa ndani na taa ya uani inawaka mchana huu.