Oili chafu: ngozi ya fundi kwanza, dumu baadaye

Oili chafu si oili iliyozeeka tu. Imepikwa ndani ya injini kwa maelfu ya kilomita, imebeba masizi, chuma kilichosagika na kemikali za mwako zinazoweza kuleta saratani ya ngozi mtu akiishika kila siku kwa miaka. Injini za petroli ndizo mbaya zaidi kwa hilo.

Inauma kuona fundi ananawa kwa petroli. Petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi, mikono inapasuka, na uchafu unapata pa kupenyea. Sugua kwa mafuta ya kula, kisha sabuni na maji. Ukiweza, vaa glavu za naitrili, mpira wa kutengenezwa unaohimili oili; za lateksi, mpira wa asili, oili huziharibu upesi. Na lile tambara lililolowa, litoe mfukoni mwa ovaroli! Oili hupenya hadi kwenye paja na korodani. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester waliandika kuhusu saratani ya mfuko wa korodani kwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba ambao nguo zao zililowa oili ya mashine.

Unapomwaga, zima injini, subiri kama dakika 10 ili oili iwe ya vuguvugu, isiunguze. Boda boda hutoa takribani lita 1, gari dogo lita 3 hadi 4, kwa hiyo karai lizidi hapo. Filta itoboe kichwani, ichuruzike kwa muda wa saa 12. Wengi huitupa ikiwa bado na oili ndani.

Oili iweke kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, lisilowahi kubeba dawa wala klorini, andika OILI CHAFU. Usichanganye na petroli, thina, kulanti (maji ya rejeta) wala oili ya breki, maana wanaosafisha upya wataikataa. Mpe mkusanyaji mwenye kibali cha wasimamizi wa mazingira, NEMC Tanzania au NEMA Kenya, na umuulize anaipeleka wapi. Kama ni ya kuchomwa, tanuri la saruji hufika nyuzi joto 1,450 na huiunguza vizuri. La matofali halifiki huko, na moshi wake wanauvuta majirani.

Kupaka mbao kuzuia mchwa? Mvua huishusha udongoni, karibu na kisima, na vipande vinavyobaki huishia kuwa kuni. Usiwapake ng'ombe pia kwa sababu ya kupe.

Ikimwagika sakafuni, usiifukuzie mtaroni kwa maji na sabuni. Mwagia maranda, acha yanyonye, fagia, yafunge kwenye mfuko, umkabidhi mkusanyaji pamoja na dumu.