Randa kwanza, gundi baadaye

Wateja wanaokuja karakana kwetu Keko wana wasiwasi mmoja: "Fundi, hapo si upige na misumari? Gundi peke yake itaachia bwana." Siku hizi sibishani. Naokota masalia ya mninga yaliyoungwa ubavu kwa ubavu na kukauka, nabana upande mmoja kwenye jiliwa, ule mwingine naupiga nyundo. Mbao inapasuka pembeni ya kiungo, kiungo chenyewe kizima.

Na hiyo ni gundi nyeupe ya kawaida tu. Kazi kubwa imefanywa na randa. Kabla sijapaka chochote nasimamisha mbao moja juu ya nyenzake, naziinua kwenye mwanga wa mlangoni. Mwanga ukipenya hata kidogo, zinarudi kurandwa. Gundi hii hukauka kwa kupoteza maji, kwa hiyo ukiijaza kwenye pengo inasinyaa, unabaki na utando usio na nguvu. Wale wanaoichanganya na vumbi la mbao wanaziba macho ya mteja, hawaungi kitu.

Uso nao uwe umerandwa siku hiyohiyo. Mtiki ndio wenye kiburi zaidi, huu unaotoka Longuza kule Tanga, kwa sababu una mafuta yake. Naupangusa kwa asetoni, ikishapaa tu napaka gundi, nisiyape mafuta nafasi ya kupanda tena.

Kichwani mwa mbao ni habari nyingine. Msumeno umekata nyuzi zote, zimebaki wazi kama mirija, zinanyonya gundi mpaka kiungo kinakauka kitupu. Ndiyo maana mguu wa kiti tunautoboa tundu na kipande kinachoingia tunakichonga ulimi: mashavu ya ulimi yanafuata nyuzi, na hapo ndipo gundi inaposhika.

Klampu nakaza hadi gundi ichomoze vitone vidogo mstari mzima. Pasipotoka kitone, pana ukame ndani. Moja naiweka juu, inayofuata chini, la sivyo meza inapinda. Na tafadhali, usifute kwa kitambaa kilicholowa! Unaisukuma gundi ndani ya vinyweleo vya mti, halafu ukipaka vanishi madoa yanajitokeza. Mimi naisubiri ianze kuganda, naikwangua kwa patasi.

Kiangazi, saa moja au mbili kwenye klampu zinatosha. Masika naziacha hadi kesho yake, maana hewa ya Dar yenyewe imelowa. Nguvu kamili inakuja baada ya siku nzima, kwa hiyo mteja anayepiga simu jioni eti analeta kirikuu abebe meza, namwambia alale.

Kwa benchi la nje au mlango unaopigwa na mvua, gundi nyeupe ya kawaida hapana, ikilowa mara kwa mara inalainika. Huko natumia epoksi, na bei yake naitaja mapema tusije tukanuniana.