Betri ya lithiamu na joto la chini ya bati

Kuanzia Oktoba hadi mvua zianze, chumba cha bati kisicho na dari hapa Dodoma hakifai kuchajia betri saa nane mchana. Betri nyingi za lithiamu-ioni hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45 za Selisiasi, na simu iliyosahauliwa kwenye dashibodi ya gari hufika huko upesi. Iache kivulini ipoe kwanza. Usiitie kwenye friji, maana ukiitoa, unyevu wa hewa utageuka matone ya maji ndani yake.

Chajia kwenye sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro na pazia. Pikipiki ya umeme isichajiwe mlangoni wala kwenye korido, hasa kama nyumba ina mlango mmoja: ikiwaka, utatokea wapi?

Hatari nyingine kubwa ni chaja isiyo ya betri husika. Betri ya lithiamu ya sola inayoitwa "ya volti 12" huwa ya aina mbili. Ile ya lithiamu-chuma-fosfeti ina seli nne zilizofuatana, na chaja yake hupanda hadi volti 14.6. Ile ya seli tatu za kawaida, kama zinazotoka kwenye laptopu, mwisho wake ni volti 12.6, yaani 4.2 kwa kila seli. Ukiipa chaja ya 14.6, kila seli inasukumwa kuelekea 4.87. Plagi inaingia vizuri tu, na taa inawaka kama kawaida! Bodi ya BMS, yaani saketi ya kuilinda betri, ndiyo inayotakiwa kukata umeme hapo, ila betri nyingi za kuungaunga hazina bodi hiyo, au zina ya bei chee. Soma maandishi ya chaja na ya betri kabla ya kuchomeka.

Seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 isifufuliwe. Fundi atakwambia "tuishtue kidogo", nayo itapokea chaji kweli. Shida ni kwamba shaba ya ndani huwa imeyeyuka, na ukichaji hujijenga upya mahali pasipotakiwa hadi seli ipige shoti. Hiyo hutokea hata wiki kadhaa baadaye, ukiwa umelala.

Betri iliyovimba imejaa gesi. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, wala usiitupe jalalani, kwa sababu majalala yetu huchomwa moto. Iweke nje, ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, mpaka upate mtu wa kuipokea.

Ikianza kufuka au kutoa mlio wa kufoka, zima swichi kubwa, toa watu nje na piga 114, namba ya Zimamoto. Moshi wake ni sumu, usiupigie magoti kuupuliza. Kama ni ya simu au pawabenki na unaweza kuifikia bila kuvuta moshi, mwagia maji mengi ili seli za jirani zipoe. Mchanga unafunika moto lakini hauondoi joto. Ikizimika bado usiirudishe ndani, kwani huweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye.