Islander ya frigoliti: wiki sita za kuvutwa kushoto

Jana jioni ndege yangu ya modeli iliruka. Sikuandika kitu tangu ajali ya tatu kwa sababu kalamu ilikuwa na matusi tu.

Kwa aliyeingia leo: ni modeli ya BN-2 Islander, ndege ndogo ya abiria ya injini mbili, moja kwa kumi ya ile ya kweli, bawa sentimita 149, mwili wa frigoliti (lile povu jeupe jepesi) za maboksi ya friji, mota mbili, batri moja. Kukata na kufunga servo (vimota vya kusukuma usukani) nayaruka, mnayajua. Nitasema tu kwamba gundi ya moto na jua la Lubumbashi mwezi wa kumi havipatani. Mota ya kulia ilianza kuinamisha kichwa kama mzee anayesinzia misani. Gundi nyeupe ya mbao, matofali juu, usiku kucha. Basi.

Ugonjwa ulikuwa mmoja. Nafungua gesi, inakimbia mita tatu, nne, pua inageuka kushoto, inakwenda kugonga kichuguu. Uwanja mzima una vichuguu viwili, na hicho cha kushoto kimeila mara tatu.

Mwanzo nilidhani ndiyo tabia yake. Kwenye Islander ya kweli elisi (panga boi) zote mbili zinazunguka upande mmoja, na ndege ya hivyo hupenda kuvuta kushoto. Dawa kwenye modeli ni elisi moja ya kinyume, ila hapa mjini sikuipata. Nikageuza mota digrii mbili kulia. Kushoto. Nikanyoosha magurudumu, manne, mawili kila mguu, na miguu yenyewe inaning'inia chini ya mota kama ya bata. Kushoto. Nikalaumu hewa: tuko zaidi ya mita 1200 juu ya bahari, elisi haishiki vizuri. Nikajifariji kwamba hata Islander ya kwanza, iliyoruka Juni 13, 1965 na injini za farasi 210, ilionekana dhaifu, wakarefusha bawa na kuweka Lycoming za farasi 260. Nami nikaweka elisi kubwa. Kushoto tena, na mwendo umeongezeka.

Nikaazima kipima wati. Gesi yote: kulia 182, kushoto 180. Sawasawa! Siku hiyo nusura niichome.

Aliyeona ni mdogo wangu, ambaye ndege hazimhusu kabisa. Alikuwa anarekodi kwa simu, mwendo wa polepole, apate kichekesho cha kuwatumia rafiki zake. Akaniita, mimi mkubwa wake: «Yaya, hii ya kushoto inaamka mwisho.» Nikatazama. Ya kulia tayari imekuwa duara la kijivu, ya kushoto bado unahesabu panga zake.

Kila mota ina kontrola, kifaa cha kupima umeme unaoingia kwenye mota. Ya kushoto ni ya mtumba, ilitoka kwenye helikopta ya kuchezea. Helikopta inataka kuanza taratibu isivunje meno ya gia, kwa hiyo mpangilio huo ulikuwa umewashwa. Baada ya sekunde chache mota zinalingana, na mimi nilipima pale zilipokwisha kulingana, mahali ambapo ugonjwa haupo! Hata ile ajali ya tatu imejieleza: nilifunga gesi kabisa, nikaifungua tena kwa hofu, kushoto ikachelewa.

Kadi ya kuseti, kidude cha kubadili mipangilio ya kontrola, inauzwa bei ya sahani ya bugali na samaki. Nilikataa kuinunua mwaka mzima, eti kuseti kwa kusikiliza milio ya kontrola inatosha. Haitoshi. Kwa kadi niliuzima mpangilio ule. Nunueni kadi.

Jana ilikimbia imenyooka, ikainuka kabla ya kufika kichuguuni. Mota zilikuwa zinaimba wuu-wuu-wuu, nikapunguza ya kulia kidogo, ule mdundo ukakawia, ukakawia, ukawa sauti moja. Nilisahau kuigeuza, ikafika mbali mno.

Wiki hii nilipanga rangi na milango ya pembeni, maana Islander haina njia katikati ya viti. Lakini usiku nilisoma kwamba Trislander ya kwanza, ile ya mwaka 1970 yenye injini ya tatu mkiani, ilijengwa kutokana na Islander ya pili ya majaribio. Asubuhi mkia nimeshaukata. Kontrola ya tatu ninayo, ya mtumba pia. Nimeikagua kwa kadi mara mbili.