Nilivyochagua mashine ya kufulia kwa nyumba inayotegemea maji ya tangi

Kwa miaka minane nguo za nyumba yetu zilifuliwa kwa mikono, na aliyefua kuliko sisi sote ni mama mkwe wangu, ambaye hakupenda mtu mwingine aguse shuka zake. Vidole vyake vilipoanza kuvimba kwenye maungio, mimi na mume wangu tuliona hakuna tena sababu ya kuahirisha, tukaanza kuweka akiba ya mashine. Tunaishi Kigamboni, watu sita ndani ya nyumba moja, na maji yetu ni ya kisima: yana chumvi kidogo, na hupandishwa kwa pampu hadi kwenye simtanki la lita 1,000 lililokaa juu ya mnara wa mita 3. Nalitaja tangi mapema kwa sababu nilipokwenda Kariakoo mara ya kwanza sikulifikiria hata kidogo. Niliuliza kilo na bei, basi.

Nilirudi na mashine ya kilo 7 inayofunguka kwa mbele, yenye mlango wa kioo, na watoto walikaa sakafuni kuitazama ikizunguka. Siku tangi lilipokuwa limejaa ilifua vizuri mno. Tangi likipungua, ilichukua muda mrefu kuvuta maji, kisha ikasimama na kuwasha alama ya hitilafu, huku mlango umejifunga na shuka za mama zimelowa sabuni ndani. Nilidhani nimeuziwa mashine mbovu. Fundi niliyemwita aliikagua, akafungua koki iliyo nyuma yake, akayaangalia maji yakitoka, kisha akaniambia, "Dada, mashine yako ni nzima kabisa. Maji ndiyo hayaifikii kwa nguvu inayoitaka."

Akanionyesha kibandiko cha nyuma, ambacho sikuwahi kukisoma. Kiliandikwa kwamba msukumo wa maji uwe kati ya MPa (megapaskali, kipimo cha msukumo) 0.05 na 0.8. Alinieleza kwamba kila mita 1 ya kimo kutoka usawa wa maji kwenye tangi hadi kwenye koki huleta takriban MPa 0.01, kwa hiyo mashine ile ilihitaji maji yawe juu yake kwa mita 5 angalau. Kwetu, tangi likikaribia kuisha, kimo hicho hakikufika mita 2 na nusu. Tungeweza kuongeza pampu ndogo ya kusukuma maji, lakini pampu hiyo nayo hutaka umeme kila mashine inapovuta maji, na bei yake sikuwa nimeipangia. Nilimuuzia mashine ile mfanyakazi mwenzangu anayeishi ghorofani, ambako tangi liko juu ya paa na maji hushuka kwa nguvu, na mpaka leo inamfulia bila shida.

Kabla ya kununua tena nilijipa mwezi mzima wa kupima. Nilipanda kwenye mizani nikiwa nimebeba kapu la nguo kavu, kisha nikapanda peke yangu na kutoa tofauti. Kwa wiki moja nguo zetu zilifika kilo 18, blanketi likiwa halimo. Kilo zinazoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na ukiijaza hadi mdomoni nguo hazipati nafasi ya kugeuka, zinatoka na madoa yaleyale. Nilitega pia ndoo ya lita 10 chini ya koki nikashika saa: tangi likiwa nusu, ndoo ilijaa kwa dakika 3 na zaidi.

Baada ya hapo uchaguzi ulijionyesha wenyewe. Mashine ya otomatiki inayofunguka kwa juu ni rahisi kutumia, kwani humlazimu mtu kuinama kidogo tu, lakini nyingi humwaga maji yote baada ya kila mzunguko na kujaza upya, na kwa kilo zetu ningemaliza sehemu kubwa ya tangi kwa siku moja. Ile ya mbele hutumia maji machache, ila nyingi zina hita ya wati 2,000 hivi, na maji yetu ya chumvi huacha ukoko kwenye hita. Ilibaki ya mapipa mawili, ambayo Kariakoo huiita semi otomatiki: pipa moja la kufulia, jingine la kukamulia. Haisubiri nguvu ya maji, kwa sababu unaweza kuijaza kwa mpira au hata kwa ndoo; haina hita; na umeme ukikatika unafungua kifuniko tu na kuokoa nguo zako.

Nilinunua ya kilo 9. Kinachonifurahisha zaidi ni namna maji yaleyale yanavyofanya kazi mara tatu: tunaanza na shuka na mashati meupe ya shule, tunafuata na khanga na nguo za rangi zisizochuja, na mwisho tunatia nguo za kazi za mume wangu. Maji ya mwisho, ambayo wakati huo yamekuwa ya kijivu, tunayasugulia sakafu ya uani. Kusuuza tunafanya kwenye beseni kubwa, kisha nguo zinakwenda kwenye pipa la kukamulia, na hapo ndipo pa kujifunza: zikipangwa upande mmoja pipa hugonga kuta kwa kishindo, kwa hiyo mama huzibana sawasawa kuzunguka pipa lote na kuweka kile kifuniko cha plastiki juu yake kabla ya kuwasha.

Mashine hii inataka mtu awe karibu, na khanga zikiwa nyingi hujisokota pamoja mpaka uzifungue kwa mkono. Kwa mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku nisingemshauri ainunue.

Dada yangu wa Moshi aliponipigia simu akitaka kununua mashine kama yetu, nilimwomba kwanza atege ndoo. Ilijaa chini ya dakika moja, naye hana kisima wala chumvi, kwa hiyo nilimwelekeza kwenye ile ya mbele na kumsisitizia asitumie sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono, kwa kuwa povu lake jingi huzuia nguo kugongana vizuri. Sisi Jumamosi tunaanza saa moja asubuhi, na ikifika saa nne shuka za mama ziko kambani, amezianika mwenyewe.