Usiku kalkuleta ilipokataa kutulia

Nilikuwa mwaka wa pili chuo, Dar, nakaa rumu moja na jamaa anayesoma mambo ya wadudu, mi nasoma hesabu. Jioni moja akaja na swali la idadi ya wadudu: chukua idadi ya mwaka huu, x, zidisha na (1 toa x), afu zidisha na namba ya kuzaana, unapata ya mwakani. Hiyo x inakaa kati ya 0 na 1, yaani ni sehemu tu ya idadi kubwa kabisa inayowezekana. Basi, hamna kingine, mtoto wa fomu tuu anaiweza.

Kwenye kalkuleta unaandika 0.2 unabonyeza =, afu unaandika 2.8×Ans×(1−Ans), 2.8 ndo namba ya kuzaana na Ans ni jibu lililopita, kila ukibonyeza = mwaka mmoja umepita. Ikaja 0.448, ikaja 0.6924, ikapanda ikashuka mwisho ikaganda 0.642857. Akaweka 3.2, sasa ikawa inaruka 0.513, 0.7995, 0.513, 0.7995, haitaki kukaa sehemu moja. "Kaka hebu lete ya kwako." Ya kwangu nayo vilevile. Kwa 3.5 zikawa namba nne zinazunguka, 0.875, 0.3828, 0.8269, 0.5009, na hapo usingizi wote uliniisha.

Tukaweka 4. Mi nikaanza na 0.3, yeye 0.300001, tukawa tunasomeana kwa sauti. 0.84, wote. 0.5376, wote, 0.9943 wote, tunaendelea tu tunafanana, ila kumbe ile tofauti ndogo huko nyuma kwa wastani inajizidisha mara mbili kila hatua, kufika kwenye ya 20 hivi mi nasoma hiki yeye anasoma kile kabisa! Na hakuna bahati nasibu humo ndani, hamna mvua hamna ugonjwa, ni ekwesheni ileile ya mstari mmoja. Mi nilikuwa naamini ukishajua kanuni na ukajua ulipoanzia basi kesho unayo mkononi, nilivyofundishwa miaka yote ndo hivyo.

Jamaa akauliza kitu ambacho mpaka leo nakiona ndo swali lenyewe: "Sasa nikienda shambani nikahesabu wadudu nikakuta namba zinarukaruka hivi, ntajuaje kama ni dawa imewapunguza au ni wao wenyewe tu?" Sikuwa na jibu. Baadaye sana ndo nikasoma kwamba Robert May, mwanasayansi aliyetumia hesabu kwenye mambo ya viumbe, aliandika hilohilo kwenye jarida la sayansi la Nature mwaka 1976, tena akasisitiza wanafunzi waonyeshwe hii ekwesheni mapema, maana hata kwa mkono inapigika. Nakubaliana naye asilimia mia, mi ningeipata sekondari ningependa hesabu mapema zaidi.

Usiku ule hatukulala. Vurugu, yaani namba kurukaruka bila kujirudia, inaanzia namba ya kuzaana ikiwa karibu na 3.57, kwahiyo tukadhani kuanzia hapo ni fujo tupu mpaka 4, tukawa tunajaribu namba za katikati tu ilimradi, tukaweka 3.83, tukabonyeza weee, ghafla zikabaki tatu: 0.1561, 0.5047, 0.9574, zinarudi kwa zamu. Katikati ya fujo! Jamaa akasogeza kidogo, 3.845, tukabonyeza tena mpaka vidole vinauma, zile tatu zikawa sita, yaani kule ndani kujigawa mbilimbili, kama ile moja ikawa mbili ikawa nne, kunaanza upya.